Shikamoo Bila Marahaba

Nianze na tembo, ingawa mambo yenyewe si ya tembo.

Pale Mikumi, kando ya barabara kuu ambako malori yanapumzika, kuna kibaraza tunakokunywa kahawa sisi wazee. Siku moja mwenzangu, fundi baiskeli wa zamani, alinichokoza mbele ya vijana: "Hebu waambie hawa habari ya tembo. Si ni wewe uliyelala chini akakupita juu?" Nikawaambia. Nilikuwa nalinda mahindi, nimekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kufukuzia wanyama. Likaanguka, nikalala chali, tembo akanivuka kama mtu anavyovuka gogo. Nikawaeleza na manyoya ya tumbo lake, machache, magumu kama njiti za ufagio, na ile harufu ya majani yaliyochacha. Vijana wakasogea karibu. Mmoja akaninunulia kahawa.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani, miguu ikasita yenyewe. Tembo yule alimvuka mjomba wangu. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Sasa, sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mwongo anajua anachoficha. Mimi yale manyoya nimeyaona. Nayaona hata sasa ninapoandika.

Lazima nieleze, maana watu wa mjini hawajui mambo haya. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mtu mkubwa akifa jina lake haliachwi lilale nje. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alipofariki mimi nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinatafuta pa kuota. Baada ya arobaini wazee walinikalisha mkekani, wakanivika kanzu yake iliyonipwaya, wakanipa jembe lake na fimbo yake, wakanipaka unga kwenye paji la uso, wakasema: huyu ndiye yeye. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Sijui kwa nini watu wanadhani heshima haina haja ya kuombewa ruhusa. Watoto wa mjomba, watu wazima wenye wake zao, wakaniita baba na kuniamkia. Nilifurahi, nitaficha nini? Kijana gani hafurahi kupewa shikamoo na mtu mwenye mvi?

Kisha mama yangu mzazi akaja mbele yangu, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, kaka."

Niligeuka nyuma kutazama nani anaamkiwa. Wazee wakanitolea macho kwamba niitike. Nikaitika marahaba, kwa mwanamke aliyenizaa.

Imekuwa hivyo maisha yangu yote. Nikifika kwake Masanze, yeye ndiye ananiamkia. Ananipikia uji wa chumvi kwa sababu mjomba alikunywa wa chumvi. Mimi napenda sukari, lakini ningemwambia nani? Aliyependa sukari hakuwepo tena. Hili kovu la gotini nililipata kwenye reli pale Kilosa, nikifukuzana na watoto wenzangu. Ukoo mzima wanasema ni la panga, alilopata mjomba akifyeka shamba. Nilibishana mpaka nikachoka. Mtu akiambiwa jambo miaka nenda miaka rudi, tena na watu wanaompenda, atang'ang'ania goti lake mpaka lini?

Baada ya habari ya tembo nikaanza kujikagua. Kila nikikumbuka jambo, najiuliza, hili la nani? Kuvuka mto Mkondoa maji yamejaa, baiskeli kichwani: langu au lake? Mwalimu aliyenichapa kwa kuandika kwa mkono wa kushoto? Hilo langu, maana mjomba hakukanyaga shule. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili, lakini nikaishukuru ile fimbo ya mwalimu. Halafu nikawaza tena. Huenda aliyechapwa ni jirani yangu wa dawati, mimi natazama. Kama nimeweza kumwona tembo ambaye sikumwona, fimbo itanishinda?

Nikamwambia mke wangu kwamba sina hakika kama nipo. Alikuwa anachambua mchele.

"Kama hupo," akasema bila kuinua kichwa, "huyo anayekoroma mpaka mabati yanatetemeka ni nani? Nimpe notisi ahame."

"Kukoroma hakuthibitishi kitu. Anayekoroma hajisikii."

"Mimi namsikia."

"Wewe unasikia mtu anakoroma. Utajuaje ni mimi?"

Hapo akaweka ungo chini. "Mzee, nenda kamwone mama yako."

Nikapanda gari la njia ya Kilosa, nikashuka, nikachukua bodaboda ya kunifikisha Masanze. Hawa vijana wa bodaboda wananikera. Kofia ngumu wanaivaa kwenye kiwiko, kama vile kiwiko ndicho kinachofikiri. Nikamwambia hivyo aliyenibeba. Akacheka, akaihamishia kiwiko cha pili.

Mama alikuwa mlangoni anapukuchua kunde. Ni mzee sana sasa, lakini macho bado anayo. "Shikamoo, kaka," akasema.

Sikuitika. Nikakaa kwenye kigoda. "Mama, mimi ni nani?"

"Kaka yangu."

"Wewe mtoto wako wa kwanza alikuwa nani?"

"Wa kiume."

"Yuko wapi?"

Akapukuchua ganda zima kabla ya kujibu. "Alishika nafasi ya kaka yangu."

"Alipoishika, yeye mwenyewe alikwenda wapi?"

"Mambo gani haya unaniuliza, na jua hili?"

"Nataka uniite mwanao. Mara moja tu, kabla mmoja wetu hajaondoka. Nataka nikuamkie, uitike."

Mama akaacha kunde. "Nikikuita mwanangu, kaka yangu atakuwa wapi? Nimzike mara ya pili? Kwa miguu hii?"

"Na mwanao ulimzika lini?" Sauti ilinitoka nisivyotarajia, kuku wakatawanyika uani. "Nani alimlilia? Nani alimkalia matanga? Mlimfukia akiwa mzima, mkampaka unga, mkala pilau."

"Punguza sauti," mama akasema. "Kaka yangu hakuwahi kunipandishia sauti, maisha yake yote. Hata siku tembo alipomvuka, alirudi nyumbani akaomba maji ya kunywa, basi."

Nikanyamaza, lakini si kwa adabu. Nilinyamaza kwa sababu amesema kweli. Mjomba hakukasirika, kila mtu analijua hilo, wanalitaja kila anapotajwa. Basi hasira hii ni ya nani? Habari ya tembo mtu anaweza kupewa. Kovu mtu anaweza kubishiwa. Jina unavikwa kama kanzu. Lakini hasira hii hakuna aliyenirithisha, maana mwenye jina hakuwa nayo. Ilikuwa kifuani pangu, inachoma, na kama inachoma yupo inayemchoma. Tuseme wamenidanganya habari ya reli, habari ya Mkondoa, habari ya goti, kila kitu. Sawa. Yupo aliyedanganywa, amekaa kwenye kigoda Masanze, na amechukia.

Ungedhani baada ya kuona hivyo nikapoa. Sikupoa. Niliogopa nikipoa nitapotea tena.

Mama akajikongoja jikoni. Alikaa huko muda mrefu, akarudi na bakuli la uji, akaliweka mikononi mwangu. Nikaonja. Ulikuwa wa sukari. Lakini sukari yenyewe ilikuwa kidogo mno, nikamwambia hivyo.

"Kunywa, kaka," akasema.

Nilipomaliza nikasimama kuaga. Kijana wa bodaboda alikuwa ananisubiri chini ya ukingo wa bati, anachezea simu. Mama akashika mwimo wa mlango, akainama kidogo kama anavyofanya siku zote.

"Shikamoo, kaka."

"Shikamoo, mama."

Akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyeitika. Mimi nilishaitika ya kutosha, na yeye naona alikuwa na lake.

"Wazee," kijana akasema, "mmoja aitike basi twende, mvua ile inakuja."

"Wewe subiri," mama akamwambia, na macho hakuyatoa kwangu.

Tukasimama hivyo mpaka matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Nikapanda pikipiki bila kuitika. Tulikuwa tumeshafika kwenye migomba niliposikia ananiita kwa nguvu, bila jina wala kaka.

"Ukija tena," akasema, "uje na sukari yako."