Mawingu Aliyoyakataa Shangazi

Ukimtafuta shangazi yangu asubuhi, usihangaike na ofisi yake. Panda ngazi mpaka paani kwenye jengo la kompyuta, utamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu mmoja kwa waya, kikombe cha chai mkononi, uso juu. Ni mhadhiri wa kompyuta, dada wa marehemu baba yangu, na tangu nimfahamu macho yake hayajawahi kukaa sana duniani. Ukimsalimia ataitikia vizuri, halafu atakuuliza kama umeliona lile lenye mkia. Amewahi kuunguza sufuria nzima ya maharage kwa ajili ya wingu.

Kazi yake ni kuifundisha kompyuta kuyajua mawingu: kila wingu linatoka wapi, litapita wapi, litaziba jua kwa muda gani. Kwa miaka mingi wenzake walimcheka chinichini. Kisha ikaja kampuni ya umeme wa jua. Kampuni hiyo ina uwanja mpana wa paneli nje ya mji, na wingu likipita juu yake bila taarifa, umeme hushuka ghafla na watu huanza kukimbizana. Wao walikuwa na kompyuta kubwa lakini hawakuwa na mtu wa kuwasomea mbingu. Shangazi alikuwa na mbingu na kompyuta ndogo iliyopumua kwa taabu. Wakaandikiana mkataba na chuo. Kampuni ikaleta makabati ya seva, ikayapanga kwenye stoo ya viti vibovu, ikafunga viyoyozi, na wanafunzi wakaanza kuja na masweta. Nilipomaliza masomo shangazi akanichukua nimsaidie kuzitia alama picha za mbingu, yaani kuiambia mashine kila wingu ni la aina gani.

Kampuni ilimtuma pia mhandisi wake akae nasi, mwanamume mrefu mpole asiyejua mazungumzo mengine ila ya kivuli. Tukamwita Bwana Kivuli, naye akaitika. Kila asubuhi, kabla ya kuiuliza mashine, yeye na shangazi walitabiri wingu lililo mbele yao litafanya nini, na aliyekosea aliosha vikombe.

“Hilo linakuja kwetu,” alisema Bwana Kivuli.

“Haliji. Lina maringo hilo, litapita kule kwa wenye majumba.”

“Mwalimu, wingu nalo lina maringo?”

“We litazame tu.”

Likapita kwa wenye majumba, na Bwana Kivuli akaosha vikombe. Siku zile zilikwenda polepole. Kulikuwa na upepo wa paani, mngurumo wa seva uliopanda kwa mbali kupitia ngazi, na sauti za wale wawili wakibishana juu ya kitu ambacho kingeyeyuka kabla chai haijapoa. Wakati mwingine nilisinzia nimeegemea tangi la maji, nikiamka sijui kama nimeota mimi au wameota wao. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha.

Mkataba ulipokaribia kwisha, wakubwa wa kampuni wakaja kuipima kazi. Mashine ikibashiri vizuri, tungeendelea. Ikishindwa, makabati yangerudi kwao na kazi ya maisha ya shangazi ingerudi kwenye ile kompyuta ndogo. Asubuhi hiyo mbingu iliamka na kijivu kitupu, shuka moja lisilo na pindo. Mashine ikaulizwa. Ikajibu bila haya: hakuna wingu, jua kali siku nzima.

Mkubwa mmoja akachungulia dirishani. “Jua lenyewe mnaliona nyinyi peke yenu?”

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Kivuli ndiye aliyetuokoa. Aliwafuata wakubwa wake mpaka kwenye gari, akawabembeleza, akarudi na ruhusa ya kujaribiwa mara ya pili. Kisha mimi na yeye tukaanza kutafuta ugonjwa.

Haukuwa mbali. Kamera ya paani, aliyoifunga shangazi nikiwa bado mtoto, hupiga picha yenyewe mchana kutwa, lakini aliyechagua zipi ziifundishe mashine ni shangazi. Alichagua mawingu yenye mikia, yenye vilele, yenye dhahabu pembeni. Siku za kijivu alizitupa zote kwenye folda aliyoipa jina Takataka. Mashine ikajifunza kwamba mbingu isiyopendeza haina kitu.

“Mwalimu,” alisema Bwana Kivuli, “mchagua nazi hupata koroma.”

Siku nyingine angejibiwa mpaka akome. Safari hii shangazi aliinuka akatoka, nami nikamfuata kwenye ngazi.

“Shangazi, kwa nini uliziacha?”

“Hazina kitu zile.”

“Zina kivuli. Unajua kuliko mimi.”

Akashika ukuta. “Tulimzika baba yako siku kama hiyo. Nikiiona mbingu ile nasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Siku hizo hata paani sipandi, mwanangu.”

Kesho yake alipiga moyo konde, akaketi kando yangu, tukaifungua Takataka. Niseme mapema usije ukapata presha: jaribio la pili tulilipita, mkataba upo, na wanafunzi bado wanavaa masweta. Ninachotaka kusimulia ni picha moja.

Tulikuwa karibu kumaliza ilipotokea. Ilionyesha bati la jengo la jirani, nguzo ya simu na ukuta wa makaburi alikozikwa baba, ng'ambo ya barabara ya chuo. Juu ya vyote kijivu. Tarehe ilikuwa pembeni, na sote wawili tuliijua. Shangazi hakugeuza uso. Aliiuliza mashine, ambayo sasa ilikuwa imeshafundishwa siku za kijivu, shuka lile lingefanya nini. Ikajibu kwamba lingepasuka kabla ya adhuhuri na jua lingetoka.

“Uongo,” alisema. “Siku ile jua halikutoka kabisa.”

Tukatafuta picha iliyofuata ili tuhakikishe. Haikuwapo, umeme ulikatika siku hiyo na kamera ikazimika. Shahidi aliyebaki nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto, nimesimama karibu na kaburi, na shangazi alikuwa amezimia, wameshambeba kumrudisha nyumbani.

“Lilitoka,” nikamwambia. “Walipokuwa wanafukia, adhuhuri haijafika. Lilinichoma shingoni hapa. Nililichukia, shangazi. Nilijiuliza linathubutuje.”

Machozi yalimtiririka, asiyafute.

“Miaka yote hii najua tulimwacha kwenye baridi,” akasema. “Kumbe kaka yangu alizikwa juani.”

Akanisogezea kipanya, nikaweka alama kwamba mashine imesema kweli.