Boksi Lililoanikwa Zongwe

"Unarudi kwenu lini?"

Papa Omari, mwenye nyumba wangu Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Tanzania, aliniuliza swali hilo kila asubuhi alipofungua geti, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia kama mvua itanyesha. Sikuwa na jibu. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Kampuni ya visima iliyonitoa Tanzania kuja kuwa fundi sanifu wa maji ilikuwa imewaondoa wakubwa wake kwa ndege ya mwisho, ikaniachia funguo za stoo na ahadi. Viza yangu iliisha nikiwa bado nasubiri ahadi hiyo. Nilipokwenda kuiongeza, ofisa aliigeuzageuza pasipoti yangu, kisha akacheka bila ubaya wowote.

"Mamuzeli, kutoka hauwezi. Kubaki hauna karatasi. Sasa tukuweke wapi?"

Mamuzeli ndivyo walivyomwita msichana kule, kwa heshima. Wageni tuliobaki mjini tulikuwa wachache, na mazungumzo yetu yalikuwa ya mambo madogo: duka gani bado lina unga, nani amepata habari za ndege, redio ya kwetu inasema nini, redio ya hapa inasema nini, na kwa nini hazisemi kitu kimoja. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza "kwa nini" hata kabla ya korona. Korona ilinipa tu kazi ya kutwa.

Ila shida yangu ya kweli ilikuwa moja. Nina kisukari tangu darasa la tano, kile cha kudunga sindano kila siku. Famasi niliyonunua insulini iliipata kwa ndege kutoka Lubumbashi, na ndege zilikuwa zimesimama. Chupa yangu ya mwisho nilikuwa nimeifukia kwenye chungu cha mchanga mbichi, kwa kuwa umeme ulikuja ulipojisikia. Ingenifikisha siku tisa. Siku ya kumi sina haja ya kuieleza.

Dada yangu Monika, aliyeko Mpanda, alipata chupa nne. Watu hawakuruhusiwa kuvuka ziwa, lakini mizigo iliruhusiwa, kana kwamba mizigo hujibeba yenyewe. Alizifunga kwenye taulo bichi, akazitia ndani ya boksi la sabuni, akazipeleka Karema, akamkabidhi mwenye boti. Mwenye boti hakutaka kufika Kalemie, maana mabaharia waliofika huko walizuiwa chomboni wiki mbili kabla ya kukanyaga nchi kavu. Akashusha mzigo katika kijiji cha Zongwe, kusini yetu, kisha akageuza. Dada akanipigia simu: "Mzigo uko kwa Mama Feza, mnunuzi wa ndagala. Maboti yote yanamjua. Nenda upesi. Unajua ile kitu haipendi joto."

Saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni Kalemie, nilipanda boti la mbao la Papa Selestini, Mubembe kutoka kaskazini ya ziwa aliyekuwa akienda Zongwe kununua ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Chupa yangu iliyobaki niliifunga kwa kitambaa kibichi, nikaishika mkononi. Tulikuwa abiria sita. Papa Selestini alitugawia barakoa, au kashenee kama wanavyosema kule, akatuamuru tuzivae vizuri mpaka juu ya pua. Tulipokwisha kupita kituo cha ukaguzi alizikusanya zote na kuzitia kwenye mfuko mmoja.

Nikamuuliza kama anajua kwamba kuzichanganya hivyo ni vibaya kuliko kutovaa kabisa.

"Mamuzeli, kashenee iko kama tikiti," akasema. "Ukisha kuionyesha, safari inaendelea. Tikiti nani anaivaa?"

Mama mmoja aliyeketi juu ya gunia la chumvi akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa sote tukamtazama, naye akaacha kucheka.

Kuanzia hapo hadi alasiri sina mengi ya kusimulia. Pwani ilikuwa kulia kwetu, milima ikazidi kusogelea maji kadiri tulivyokwenda kusini. Injini ilizimika mara mbili, na mara zote mbili Papa Selestini aliizungumzia kwa Kibembe, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Kila saa nilikilowesha upya kile kitambaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Saa tisa tukafika Zongwe, na hapo nikakutana na mstari wa majivu.

Ulikuwa umechorwa mchangani, kutoka kwenye mwamba hadi kwenye ukuta wa shule. Ng'ambo yake alisimama mzee mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi: Papa Kabwe, mwalimu ambaye shule yake ilifungwa na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji ya korona. Alitukaribisha kwa heshima zote, kisha akatueleza sheria. Wa boti wabaki upande wa ziwa. Wale wanaoondoka na boti hilo watalala darasani, na chakula wataletewa mpaka kwenye majivu. Anayetaka kuingia kijijini akae darasani siku saba. Mizigo inayotoka ng'ambo inaanikwa.

"Inaanikwa?" nikauliza.

"Pa jua. Siku tatu. Korona haipendi jua."

Nikatazama alikoonyesha. Upande wake wa mstari, juu ya vichanja vya kukaushia ndagala, vilikuwa vimepangwa vitu vya ng'ambo: marobota ya vitenge, ndoo za plastiki, sandali zilizofungwa pea kwa pea. Na katikati, peke yake, boksi la sabuni lenye mwandiko wa dada yangu.

Lilikuwa limefika jana yake. Zilibaki siku mbili.

Nilimweleza Papa Kabwe. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa chuoni kueleza jambo. Kwamba ile ni dawa. Kwamba ikipigwa na jua inabaki maji matupu. Kwamba bila hiyo ningekufa, na si kwa korona. Nikamwomba boksi likae siku zake tatu kivulini, hata tano akitaka.

"Kivulini korona haikufi," akasema.

"Nani alipima?"

"Redio inasema jua. Weye unasema kivuli. Redio iko na watu wengi."

"Papa, redio haiwezi kuwa imepima boksi hili."

"Na weye, korona ya hili boksi uliipima?"

Sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa na stashahada ya uhandisi wa maji na kurasa kadhaa nilizosoma kwenye simu, na kurasa hizo zilikuwa zikibadilika kila wiki.

Akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kidogo. Katika kijiji kile hakukuwa na daktari. Mgonjwa mahututi alikwenda Moba au Kalemie kwa boti, kama boti lipo. Kwa hiyo walikubaliana wote, mbele ya watu wote: atakayetoa kitu kichanjani kabla ya siku tatu, vichanja vyake vinang'olewa mpaka mvua ijayo. "Nikikuachilia weye, kesho nitamukatalia nani?"

Sikuona kosa katika hoja hiyo. Ndicho kilichoniudhi zaidi.

Vichanja vyenyewe vilikuwa vya Mama Feza. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia boti lililo mbali, naye pia alikuwa mjumbe wa kamati. Nilimwita kutoka kwenye majivu, nikiamini mwanamke atanielewa.

"Mama, ulipokea mzigo. Walikuambia kuna nini ndani?"

"Waliniambia. Dawa ya sukari, inapenda baridi."

"Na bado uliuanika?"

"Kila kintu kinaanikwa," akasema, huku akigeuza ndagala. Kisha akapaza sauti ili wenzake wasikie: "Ninyi wa Tanzania, kwenu munasema korona haiko. Sasa unalilia nini? Ngoja jua likusaidie kuiua ile haiko!"

Wanawake wa vichanjani wakaangua kicheko. Hata Papa Selestini, aliyekuwa nyuma yangu akinunua ndagala kwa kupiga kelele juu ya mstari, alicheka. Mimi nililia, kwa hasira zaidi kuliko hofu, na sikujificha.

Siku ya pili niliishinda kwenye dirisha la darasa. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza. Kila baada ya muda Mama Feza alipita akigeuza samaki wake, na kila alipofika kwenye boksi langu aliligeuza nalo, upande huu, upande ule, kama ndagala mmoja mkubwa. Papa Kabwe alikuja mara tatu, akasimama kwenye majivu, akaniuliza kama nimekula. Nilimjibu vibaya mara zote tatu. Jua halikupata wingu hata moja. Jioni Mama Feza mwenyewe aliniletea ugali wa muhogo na samaki, akaviweka kwenye mstari, akanitazama usoni.

"Unalia vizuri," akasema. "Endelea."

Nilimwona mtu katili kuliko wote niliowahi kukutana nao.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, Papa Kabwe alitangaza kwamba mizigo imeiva. Ndivyo alivyosema, imeiva. Mama Feza akaniletea boksi kwa mikono miwili. Karatasi yake ilikuwa ya moto, imepauka. Nililifungua palepale. Chupa nne zilikuwa nzima, maji yake meupe na safi. Hazikuwa za moto kama nilivyotarajia, na taulo la dada bado lilikuwa na unyevu. Nilifikiri: taulo limezikinga, na hewa ya ziwa ina maji mengi. Mimi ninayeuliza kila kitu, hapo sikuuliza.

Papa Selestini alikuwa amejaza magunia yake. Tuliondoka alfajiri iliyofuata, na tulipokaribia kituo cha ukaguzi alitugawia tena tikiti zetu. Kila mtu alipata ya mwenzake.

Kalemie, nyumbani kwa Papa Omari, nilifanya jaribio. Hakukuwa na njia ya kujua kama dawa ni nzima isipokuwa kujidunga. Nilikuwa na vipande vichache vya kupimia damu. Mke wa Papa Omari, Mama Zaituni, aliketi mbele yangu na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, tayari kunimiminia kinywani kama ningeanguka. Nikapima: sukari ilikuwa juu. Nikadunga dozi ya kawaida kutoka kwenye chupa ya Zongwe. Tukasubiri. Mama Zaituni alisoma uradi wake, mimi nilihesabu vigae vya sakafu. Baada ya saa mbili nikapima tena.

Sukari ilikuwa imeshuka, mahali pake hasa.

"Alhamdulillahi," akasema, akainywa ile chai yeye mwenyewe.

Nikatoa hitimisho, kama mtu aliyesoma. Siku tatu juani, na dawa bado inafanya kazi: basi maandishi ya kwenye vile vikaratasi vya dawa ni vitisho vya wauzaji. Niliwaandikia marafiki wa chuo. Niliwaambia kwamba nimepima mwenyewe, kwa mwili wangu. Nilijivuna, nadhani.

Chupa zile zilinivusha miezi ile yote. Mipaka ilipofunguliwa, nililipia viza yangu iliyokwisha, ofisa yuleyule akanigongea muhuri wa kutoka, na Papa Omari akanisindikiza hadi bandarini. Siku hiyo nilikuwa na jibu lake, lakini hakuniuliza.

Nyumbani Mpanda niliendelea kuamini jaribio langu. Katika msimu wa joto niliacha chupa mpya dirishani karibu wiki nzima, nikidhani najua jambo ambalo wengine hawalijui. Nililazwa siku nne. Daktari alipouliza ilikuwaje, nikamsimulia habari za Zongwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema haiwezekani. Nikamwambia nilikuwepo.

Miaka miwili baada ya safari ile nilikwenda Karema kwa kazi ya kisima, nikamkuta Papa Selestini ufukweni akipakia unga. Alinitambua kwanza yeye. Tuliketi juu ya magunia, tukaulizana habari za watu. Nikamweleza habari ya dirisha na hospitali, na kwamba mpaka leo sielewi kwa nini jua la Zongwe halikuharibu dawa yangu.

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha.

"Jua gani? Mule mu boksi mulikuwa changarawe."

Mama Feza alizitoa chupa siku ileile zilipofika. Alizifunga ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki, akazizamisha kwenye mtungi wake wa maji ya kunywa, akajaza boksi changarawe ili upepo usilisukume, akalianika. Alizirudisha siku ya tatu mchana, na taulo lake, saa moja tu kabla ya kunikabidhi. Kama Papa Kabwe angejua, vichanja vyake vyote vingeng'olewa, ingawa ni mjumbe wa kamati. Papa Selestini aliambiwa na Mama Feza mwenyewe alipokwenda tena kununua ndagala.

Nikamuuliza kwa nini Mama Feza hakuninong'oneza hata neno moja, mimi niliyekuwa nikilia dirishani siku mbili.

"Papa Kabwe hakuwa anachunga boksi," akasema. "Alikuwa anachunga sura yako."