Dada wa Saiba ya Nyakoe

Dada anayehudumia wateja kwenye saiba yetu ya intaneti pale Nyakoe hupangusa vidole kwa leso kabla ya kugusa kompyuta, halafu husoma kwa sauti kila neno linalotokea, hata "subiri kidogo". Jumanne alikuja mzee mmoja kutoka Manga, gambuti zimejaa tope. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba mjukuu wake hasomi chuo chochote, anazurura tu mjini. Dada akafungua tovuti ya kuthibitisha wanafunzi.

"Andika Nyakerario Ogoti," mzee akasema.

Dada akaandika, akasoma: "Mwanafunzi huyu hayupo."

Mzee akavua kofia. Sisi kwenye foleni tukaangalia sakafu.

"Baba, Nyakerario ni nani kwenu?" dada akauliza.

"Marehemu mama yangu. Mtoto tulimpa jina lake."

"Na shuleni aliandikishwa kwa jina gani?"

Mzee akafikiri sana. "Cynthia, nadhani."

Dada akapangusa vidole upya, akaandika. "Cynthia Ogoti. Uuguzi. Mwaka wa pili. Anaendelea na masomo."

Foleni nzima ikapiga makofi. Mzee akaomba asomewe tena. Dada akafuta kila kitu, akaandika jina upya, akasoma "subiri kidogo" na kungoja, kana kwamba naye hajui jibu.