Chumvi Iliyomwagika Kando ya Nyamukau

Pétronille hakuwahi kwenda mahali bila sababu. Katika miaka yake thelathini na minane alikwenda shambani, kisimani, sokoni na kanisani, na mara tatu alikimbia. Kutoka nyumbani ili kwenda kuangalia tu, hilo lilikuwa wazo la mume wake, Étienne, na alilileta Jumapili moja baada ya misa, akisukuma baiskeli ya pili, aliyoazima kwa jirani.

"Leo tunatembea na kinga," alisema, akipigapiga kiti cha baiskeli. "Siye wote wane. Tunafuata mai ya muto mupaka kwenye daraja la katikati ya mji, tunaangalia watu, tunarudi."

"Tunaenda kuuzisha nini?"

"Hakuna kitu ya kuuzisha, Mama Yannick. Tunatembea tu."

"Mutu mwenye akili anatembea bila muzigo?"

Yannick, kijana wao wa miaka kumi na mitano, alicheka hadi akajishika tumbo. Mdogo wake Glodie, mwenye miaka tisa, hakungoja mjadala uishe. Alikuwa tayari amepanda nyuma ya baiskeli ya baba yake, pale panapofungwa magunia, miguu ikining'inia. Basi wakatoka: Étienne na Glodie mbele, Yannick nyuma yao kwenye ile ya kuazima, na mama yake, ambaye alimshika shati kwa mikono miwili na kumwambia apunguze mwendo hata kwenye kilima cha kupanda.

Iko miji ambayo mto wake umewekewa viti na taa, watu wakaenda kula kando yake. Mto wa Bunia haujapewa cheo hicho. Nyamukau ni mto wa kazi: juu wanawake wanafua, chini vijana wanaosha pikipiki, katikati mtu anachota mchanga wa kujengea. Lakini Jumapili ile jua lilikuwa zuri, nguo za rangi zilikuwa zimeanikwa juu ya majani, na Étienne alionyesha kila kitu kwa kidole kama mwenye mji. Zamani alikuwa akisukuma baiskeli yake hiyohiyo kutoka Nizi na mafuta ya mawese, madumu sita kwa safari moja. Leo alibeba mtoto tu, na alipiga mluzi.

Pétronille hakuona nguo wala rangi. Aliona matete. Kila walipopita mahali matete yalipokuwa marefu, alijiuliza maswali mawili, daima kwa mpangilio uleule: hapa wanaweza kujificha watu wangapi wa kwetu? Hapa wanaweza kujificha watu wangapi wa kutushambulia?

"Mama, unanipasua shati," Yannick alisema.

"Endesha."

Karibu na daraja gurudumu la nyuma la Étienne lilianza kulegea. Pale chini ya mwavuli uliotoboka alikaa kwado, ndiye fundi wa matairi, mtu mnene aitwaye Fiacre, mwenye pampu ya miguu na maneno mengi.

"Papa, hii kinga ni ya mwaka gani? Ilibeba Nuhu?"

"Weka pumzi, acha maneno."

"Ninaweka. Kwa mutoto muzuri kama huyu ninaweka pumzi ya kumufikisha Aru na kurudi!"

Glodie alishuka, akasimama kando akila muwa. Fiacre alikanyaga pampu huku akimsimulia Étienne habari za timu ya mpira ya mtaa wake, akakanyaga tena, akasimulia tena, na mpira wa zamani wa gurudumu, wenye viraka saba, haukuweza kungoja mwisho wa habari. Ulipasuka.

PA!

Mlio mmoja tu. Lakini Bunia si mji ambao mtu anasikia mlio kama huo na kugeuza kichwa polepole. Wanawake waliacha nguo majini. Vijana wa pikipiki walilala chini. Mwenye karanga alitupa sinia. Pétronille mwenyewe, bila kujua, alijikuta ndani ya mtaro, Yannick akiwa chini yake, kiganja chake kimemziba mtoto mdomo, mtoto aliyemzidi kimo.

Kisha Fiacre alisimama, ameshika kipande cha mpira, na mtu mmoja akaanza kucheka. Kicheko kilipita kando ya mto kama moto wa majani makavu. Watu walijikung'uta, wakatukanana kwa furaha. "Kwado, ulitaka kutuua!" "Weye ulikimbia mbele ya bibi yako, nilikuona!"

Étienne naye alicheka. Alipogeuka, pale alipokuwa amesimama Glodie palikuwa na kipande cha muwa.

"Glodie?"

Pétronille alitoka mtaroni. "Glodie!"

Hakuna. Watu wazuri wa kando ya mto waliacha kucheka na kuanza kusaidia, nao walisaidia kama watu wanavyosaidia, kwa sauti. Punde ukingo mzima ukawa unaita. Wanaume waliita, wanawake waliita, watu wasiomjua waliita kwa upole: Glodie, toka, hakuna kitu, ni siye, toka mama. Yannick aliingia majini mpaka magotini, akapanda juu ya jiwe, akiita. Na kadiri sauti zilivyoongezeka, ndivyo Pétronille alivyohisi baridi ikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amekumbuka.

Miaka minne nyuma, asubuhi moja, walikuwa wakipalilia maharage si mbali na Nizi. Waliokuja siku ile hawakuja na kelele. Walikaa ukingoni mwa shamba, kwenye majani, wakaita watu kwa majina yao, kwa upole: toka, ni siye. Jirani yake Anastasie aliitika, "Niko hapa." Pétronille alisikia yote akiwa amelala mtaroni, Glodie chini ya kifua chake.

Baada ya siku hiyo, kila mahali walipolala, baada ya sala ya jioni, alimfundisha mtoto. Ukisikia mlio, usimngoje mtu. Ingia penye majani na mai. Ukiitwa jina, usiitike. Hata nikiita mimi. Mimi wa kweli sitaita jina lako. Mimi nitagomba. Nitasema, nani alimwaga chumvi yangu? Nawe utajibu, kuku.

"Kwa nini kugomba, mama?" mtoto aliuliza wakati ule.

"Sababu mutu mwenye kisu shingoni hawezi kugomba. Sauti yake itatetemeka. Ukisikia sauti yangu inatetemeka, hata kama maneno ni yale, usitoke."

Walipofika Bunia, wakapata chumba, na yeye akapata meza ya kuuzia mikate ya mafuta, aliacha kumfundisha. Alidhani mtoto akiacha kurudia atasahau.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Watu wote! Munyamaze! Musiite jina!"

Walimtazama kama mwenye wazimu, lakini walinyamaza. Na katika ukimya ule mwanamke mmoja kati ya waliofua, aliyekuwa akiokota nguo zake haraka, alisema, "Mama, angalia mai."

Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Juu, upande wa vilima, mbingu ilikuwa nyeusi tangu saa sita. Huko mvua ilikuwa imekwisha nyesha, na sasa mto ulileta habari zake: povu, majani, kandambili moja ikizunguka. Jiwe ambalo Yannick alisimama juu yake halikuonekana tena. Matete ya chini yalianza kulala.

Pétronille alisogea ukingoni. Akaita, "Nani alimwaga chumvi yangu?"

Alijisikia mwenyewe. Sauti ilitoka imevunjika, nyembamba, kama ya mtu mwenye kisu shingoni.

Matete hayakujibu.

Akajaribu tena, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alilia katikati ya neno. Maji yalifika kwenye mizizi ya mkaratusi uliosimama ukingoni. Mahali fulani hapo mtoto wake alikuwa ameketi, maji yakimpanda, akitii. Alikuwa akitii vizuri kabisa.

Étienne alimshika bega. "Polepole, Mama Yannick. Tulia kwanza."

"Ndiyo, mama," alisema Fiacre nyuma yake, naye alisema kwa moyo mwema, "mutoto hawezi kupotea hapa. Hapa ni mahali pa kutembea tu."

Hapo ndipo Pétronille alipogeuka.

"Pa kutembea!" alisema. "Nani alisema tutembee? Nani aliomba? Weye mwenye tumbo, unaambiwa weka pumzi, unaleta habari za mupira! Na weye, Étienne, mutu wa kuangalia mai! Mai haujaionaka? Nilikuwa na nyumba safi, na chungu kwenye moto, unaniondoa kwa mukono, unapiga mluzi kama mutoto ya shule!" Sauti ilikuwa imepata miguu. Ilipanda. Fiacre alirudi hatua mbili na kukanyaga pampu yake. Wanawake wa kufua walishika midomo. Naye, bila kupumua, bila kugeuza hasira yake hata kidogo, aligeuza uso tu kuelekea mtoni: "Na nani alimwaga chumvi yangu? Nauliza! Nani katika hii nyumba alimwaga chumvi yangu?"

Maji yalipita na povu lake.

"Kuku."

Sauti ilitoka chini ya miguu yake, karibu mno. Ukingo ulikuwa umeliwa na mto na kuacha pango dogo chini ya mizizi. Yannick alijitupa kwanza, baba yake akafuata, na wakamtoa Glodie akiwa amelowa hadi kidevuni, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mzizi kwa nguvu, ikabidi wafungue vidole kimoja kimoja.

Hakulia. Alimkagua mama yake, shingo kwanza, kisha mikono, kisha nyuma ya mgongo wake.

"Mara mbili za kwanza ulitetemeka," alisema. "Nilisema, iko mutu nyuma yako."

Watu walipiga makofi. Fiacre, akitweta, aliweka mpira mwingine kwenye gurudumu bila malipo, na mwanamke wa kufua akatoa kitenge kikavu. Étienne hakupiga mluzi tena. Walirudi kwa miguu wakisukuma baiskeli zote mbili, wakishika njia ya katikati ya mji, mbali na maji. Glodie alikaa mahali pa magunia akiwa amefungwa kitenge, na Pétronille alitembea kando yake, mkono juu ya goti lake.

Alitaka kumwambia kwamba yameisha. Kwamba hapa ni mjini, kwamba mlio ni mpira, kwamba mtu akimwita jina aitike. Alikwisha fungua mdomo.

"Mama," Glodie alinong'ona, akiinama sikioni mwake ili hata Yannick asisikie. "Ile ya chumvi, leo watu wote waliisikia."

Pétronille alitazama nyuma. Kando ya mto watu walikuwa bado wamesimama, wakisimulia.

"Nimesikia," alisema. Walipita kanisa, wakapita kituo cha mafuta, naye akawa anapitisha moyoni vitu vyote vya jikoni, kimoja baada ya kingine, akitafuta kile ambacho angeweza kukigombea vizuri.