Bi Pua Hasikii Harufu Tena, na Wifi Yake Ndiye Aliyefukuzwa

Saa mbili asubuhi, mshumaa wa Bi Pua umeshawaka. Mbele yake, juu ya meza ya bati, kuna rundo la chupa kuukuu linalomfika kidevuni. Anachagua moja inayomtia shaka, anaikata kipande kwa kisu, anakishika kwa koleo na kukipeleka motoni. Kikishashika, anakipuliza kizime, anakisogeza puani na kuvuta moshi taratibu. Kisha anatikisa kichwa na kuitupa chupa kwenye gunia la kushoto.

Ukimtazama utaapa kwamba anajua alichonusa. Hajui. Huu ni mwaka wa pili Bi Pua hasikii harufu ya kitu chochote.

"Nanusa kwa ajili ya msimamizi," anasema, na kicheko chake hakina furaha hata chembe. "Akiniona sinusi, si ataniuliza nafanya nini hapa?"

Katika banda hili wanawake kumi na wanne huchambua chupa zilizookotwa mitaani. Ng'ambo ya ukuta kuna kiwanda kinachozichemsha kwa dawa hadi zirudi kuwa unga mweupe wa kutengenezea chupa mpya. Wageni wa heshima huletwa kuuona ule unga, wakapiga nao picha. Bandani hawaletwi.

Mkemia wa kiwanda, kijana mpole mwenye koti lenye madoa, alinieleza kwa nini kazi ya akina mama hawa haina mchezo. Plastiki, alisema, ni minyororo isiyoonekana kwa jicho, kila mmoja una pete maelfu. Katika chupa ya maji, kila baada ya pete chache kuna kiungo chenye oksijeni, na hapo ndipo dawa hupata pa kukata. Mifuko na madumu hayana kiungo cha namna hiyo. Ni kaboni imeshikana na kaboni, mwanzo mwisho.

"Dumu unaweza kulichemsha humu mpaka mwaka uishe," alisema. "Litakutazama tu."

Kinachomkosesha usingizi si dumu. Ni ile ambayo wachambuaji huiita plastiki ya bomba, kwa kuwa ndiyo inayotengenezewa mabomba ya maji, ingawa zipo pia chupa zake, safi na angavu kama za maji. Minyororo yake imebeba klorini pembeni. Ikipata joto la nyuzi mia mbili huitema, na klorini hiyo hugeuka asidi. Asidi hukata minyororo ya chupa za maji hovyo hovyo, unga huwa wa manjano, na chuma cha mtambo huanza kuliwa.

Maji hayasaidii kuzitenga. Ukizitia kwenye tangi la maji, mifuko na vifuniko huelea, lakini chupa ya maji na chupa ya bomba huzama pamoja. Mashine ya kuzitambua ipo, na bei yake wakubwa wanaijua. Pua ya mwanamke ilionekana rahisi zaidi.

Aliyemfundisha Bi Pua kunusa ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alimtangulia bandani na ndiye aliyemwombea nafasi miaka kumi na mmoja iliyopita. Mfuko ukiungua hunuka mshumaa uliozimwa. Chupa ya maji hunuka utamu kwa mbali. Ya bomba huchoma pua mpaka machozi yatoke.

"Mwanafunzi nikampita mwalimu," anasema Bi Pua. "Nilikuwa sihitaji hata kukata. Naibabua tu kwa moto, nimeshajua. Ndipo wakanibandika hili jina."

Aliwahi kuomba barakoa. Akapewa. Lakini ukifunika pua, pua haifanyi kazi, na msimamizi alimwambia achague moja. Akachagua mshahara. Kwa siku moja hukata na kuchoma vipande visivyopungua mia mbili, na kila kipande cha bomba ni pumzi moja ya asidi ileile inayokula chuma cha mtambo. Chuma hubadilishwa kila kikiharibika. Nilimuuliza meneja kuhusu pua, akasema swali langu ataliwasilisha.

Bi Pua alijigundua akiwa jikoni kwake. Alikuwa ameketi kando ya sufuria, anapepeta mchele, mumewe akapiga kelele kutoka chumbani kwamba chakula kinaungua. Mumewe ni fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye kiunzi, hatembei. Moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima, na mke hana habari.

Tangu hapo amekalia kuti kavu. Alianza kuutegemea moto, maana chupa ya bomba huzimika mara tu ukiitoa kwenye mshumaa, na ya maji huendelea kuwaka. Mbinu ilimfaa kwa miezi. Kisha likaja gunia la chupa za mafuta kutoka jiko moja kubwa. Alichoma vipande vitatu. Vyote vikaendelea kuwaka. Akaliidhinisha gunia, akalisukuma kwa wifi yake aliyekuwa akizibana chupa, na wifi akalifunga kwa uzi wake mwekundu, maana kila mfungaji ana rangi yake.

Kilichowaka hakikuwa plastiki. Yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyoganda juu ya chupa za bomba.

"Mtu mwenye pua angejua kabla hajapuliza," anasema. Anaangalia vidole vyake. "Mtoto mdogo angejua."

Mzigo mzima uligeuka manjano. Mtambo ulisimama siku tisa. Walipofuatilia waliukuta uzi mwekundu, na aliyeitwa ofisini ni mwenye uzi. Bi Pua alikuwa mezani pake, mshumaa unawaka, na mdomo wake haukufunguka. Kabla ya saa sita wifi alikuwa ameshamwagiwa unga.

Hiyo ni miezi saba iliyopita, na tangu siku hiyo hawajaonana.

Nilimkuta wifi nyuma ya nyumba alimopanga chumba, anafua nguo za watu. Nilipomtajia Bi Pua hakuacha kufikicha.

"Nilijua," alisema. "Tulikuwa meza moja. Ule moshi ulinichoma mimi, yeye anauvuta kama hewa ya bustani. Mtambo uliposimama nikajua pua imekwenda."

Kwa nini basi hakusema?

"Palepale nilidhani ana hakika kuliko mimi. Si ndiye Bi Pua? Na ofisini ningesema nini? Yeye angetoka, na kaka yangu angekula nini kitandani pale?" Alikamua shati kwa nguvu mpaka likalia. "Sikumdai kazi. Nilitaka aje, akae hapo ulipokaa wewe, aniambie usoni: wifi, ni mimi. Basi. Miezi saba!"

Bi Pua ndiye aliyenitafuta. Nilipomaliza kuandika nilimsomea yote, nikamkumbusha kwamba wakubwa watamtambua kwa jina hilo moja tu, na kwamba sehemu ya gunia ninaweza kuitoa.

"Usitoe hata nukta," alisema. "Ikishachapwa sitakuwa na pa kurudi nyuma." Anataka wifi yake arudishwe, na wenzake waliobaki wapimwe pua na mapafu. Yeye mwenyewe atatafuta kazi isiyohitaji harufu. Na kwa wifi? Aliniahidi kwamba atakwenda Jumamosi akitoka kazini saa tisa, kabla gazeti halijatoka. Ni mwendo wa dakika kumi, na wifi nilishamfikishia ahadi hiyo.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, tukiwa tunafunga ukurasa huu, nilimpigia wifi simu.

"Nimeketi mlangoni tangu saa tisa," alisema. "Hajaja."