Baraza la Majivu

Hili la baraza naona haya kulisema, lakini Malindi jambo halifichiki, basi bora mulisikie kwangu kuliko kwa wale wanaolitia chumvi. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Mtwapa, na mie, fundi wa zege wa familia, nikajigamba kwamba wakwe watakalia baraza jipya nililolijenga kwa majivu ya matanuri ya kiwanda, yale yanayotupwa (nilifundishwa kuwa yakichukua nafasi ya saruji kidogo, zege huwa imara na taka hupungua, na ni kweli kabisa). Tatizo lilikuwa hapo kwenye "kidogo". Mie nikatia nusu kwa nusu ili nisifiwe zaidi.

Asubuhi ya nikaha nikalibonyeza kwa kidole, kikaacha shimo. Nikabonyeza pengine, vilevile. Nikalifunika zulia, na wageni walipoanza kuingia nikawa situlii, huyu namsukumia jamvini, yule namvutia kiti cha plastiki, hadi mamangu akanishika mkono.

"Una nini wewe? Watu umewaitia baraza, sasa wawafukuza?"

"Mama, halijashika vizuri."

"Basi waambie."

Kuwaambia ndiko kulikonishinda. Mara akaingia baba wa bwana harusi, Mzee Athman, mnene, mwenye heshima zake, kanzu nyeupe pe.

"Shikamoo, mzee. Karibu kiti."

"Marahaba. Viti ninavyo kwangu, mwanangu. Nimekuja kukalia kazi yako."

Akakaa. Nikaanza kumshukuru Mungu, kisha ukingo ukamong'onyoka taratibu, mzee akateremka nao mpaka chini, miguu juu, vumbi la kijivu mwili mzima (kofia ilimfika puani). Nduguye akasema hiyo ni nuksi, nikaha iahirishwe. Nikainua macho, nikamwona Zuhura dirishani, ananitazama mie, si mzee.

"Si nuksi," nikasema. "Ni mimi. Nilizidisha majivu."

Mzee Athman akajipangusa. "Kama ni majivu tu, yafutika. Tuendelee."

Nikaha ikafungwa, mzee kavaa shati langu lisilofunga vifungo tumboni, na mie nimesimama, maana sikuthubutu kukaa popote.

Sasa majivu natia kama nilivyofundishwa, wala kazi siisifu ikiwa mbichi. Na baraza lolote nikilijenga, kabla ya mgeni kulikaribia, hulipanda mwenyewe nikaruka-ruka juu yake, majirani wacheke wanavyotaka.