Mkono Wangu Kwenye Sinia

Uhuru ulikuwa ungali mbichi, nami nilikuwa nimetolewa nyumba ya mayatima. Pale ukishaota ndevu unapewa shati, blanketi na kwaheri. Blanketi lile nilijifunika mpaka likawa kama wavu wa dagaa, lakini hayo si ya leo.

Bibi mmoja mjane wa Msambweni ndiye aliyekuwa akitupokea sisi tuliotolewa. Alitupa chumba cha uani na chakula, akitufunza kuishi na watu hadi mtu apate kazi asimame mwenyewe. Ila nyumba ilikuwa ya ukoo, na kwao Wadigo mwenye kauli ni mjomba. Basi kaka yake akaja kutoka Lunga Lunga, kule mpakani, kunitazama. Akinikataa, sina pengine pa kulala.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tangu lini nikawa mjomba wako?"

Tukaketi mkekani, wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja. Bibi alikaa pembeni na kata ya maji. Mimi sinia nilikuwa silijui. Kule kwa mayatima kila mtu alikuwa na sahani yake ya bati, na usipoizungushia mkono, mwenzio amekula. Mkono ukazunguka wenyewe. Kidole nacho kikachora mstari kwenye wali, huku kwangu, huko kwake.

Mjomba akaacha kutafuna. "Dada, huyu amekuja kukaa au kupima shamba?"

Bibi hakucheka. Nami nikajua mambo yameharibika.

Mjomba akamega mnofu wa samaki, akausukuma upande wangu, kama mwenyeji anavyomkirimu mgeni. Nikaganda. Kule kitoweo hukigusi mpaka msimamizi apige kengele, ukigusa, kiboko. Nikasema moyoni, huu ndio mtego. Wali unapoa, yeye hapepesi macho.

"Anakataa mkono wangu," akasema polepole. "Atalalaje kwangu?"

"Hakatai, kaka. Anangoja kengele."

"Kengele gani?"

Bibi akamweleza. Mjomba akagonga ukingo wa sinia kwa kidole, ngee!

"Haya, imelia. Kula."

Akaufuta ule mstari wangu kwa kiganja. "Mpaka tunao Lunga Lunga, unatutosha."

"Na chumba, kaka?"

"Mpe. Lakini kwanza autoe huo mkono."

Nikautoa. Nikaupeleka kwenye ule mnofu wa samaki.